Unga wa tangawizi na mnanaa kwa kiungulia: maoni ya fundi cherehani

Kopo nimelinunua shilingi 6,000 kwenye duka la dawa za asili hapa Tanga. Lebo yake inajisifu kweli: kiungulia, gesi, vidonda vya tumbo, mgongo, magoti, na nguvu za kiume juu. Hapo kwenye vidonda ndipo nilipoguna, maana vingi huletwa na bakteria na hutaka antibayotiki. Ndani mna tangawizi, mnanaa, mdalasini na majani ya mlonge.

Ladha tamu, siwanyimi sifa. Kijiko kimoja kwenye maji ya moto na asali kidogo, kichefuchefu cha asubuhi kinatulia. Tangawizi kazi hiyo inaiweza. Anayeharibu ni mnanaa. Mnanaa hulegeza misuli, ndiyo maana unamfaa mwenye tumbo la gesi, lakini hulegeza pia ule msuli unaofunga njia kati ya umio na tumbo. Ukilegea, asidi inapanda. Nikiunywa mchana nimekaa wima kwenye cherehani, sioni shida kubwa. Nikiunywa baada ya chakula cha usiku kisha nikajilaza, kifua kinawaka moto na maji machungu yananifika kooni.

Muuzaji ana lugha nzuri, "karibu mama, kaa kwanza." Nikamwambia nina dawa ya mgongo ninayotumia, akasema kunywa tu, havigombani. Hakuuliza dawa gani! Ni diklofenaki. Hiyo na ndugu zake, ibuprofeni na aspirini, hupunguza maumivu kwa kuzuia prostaglandini (kemikali za mwilini zinazochochea maumivu), na prostaglandini hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo. Basi wewe unatuliza mgongo huku tumbo linabaki wazi, halafu unalimwagia tangawizi kali.

Dada wa famasi mtaa wa pili swali lake la kwanza lilikuwa hilo: unameza nini kwa maumivu? Akanishauri nirudi kwa daktari aangalie kama paracetamol itanitosha, kwa kuwa haichokozi tumbo kama diklofenaki. Akanionyesha Gaviscon, dawa ya kiungulia. Bei yake inauma, ila kazi yake inaeleweka: ina kitu kinachotolewa kwenye mwani wa kahawia (si huu mwekundu wanaolima akina mama wa Unguja), kinafanya utando mzito unaoelea juu ya chakula tumboni na kuizuia asidi isipande. Naitumia baada ya kula, na usiku nalalia ubavu wa kushoto.

Unga naupa nyota mbili kati ya tano. Mwenye gesi tupu, asiye na kiungulia wala dawa za maumivu, ajaribu. Akifika nyumbani auhamishie kwenye chupa, kifuniko cha kopo hakikazi na kwa joto letu la pwani unga unashika unyevu na kuganda mabonge.