Seestar S50 uani Dar es Salaam: iache itazame mashariki

Darubini hii ya kampuni ya ZWO haina pa kuchungulia. Ndani ya mwili wake mmoja mna lenzi ya kipenyo cha milimita 50 yenye urefu wa fokasi wa milimita 250, kamera ya sensa ya Sony IMX462, mota, betri ya mAh 6,000 na hifadhi ya GB 64. Unachokiona kiko kwenye simu. Ilipoingia sokoni mwaka 2023 iliuzwa takriban dola 500 huko Marekani. Usafiri na ushuru ni juu yako.

Mnunuzi wa pwani asihangaike kuuliza kama inafanya kazi. Inafanya. Shida ni kwamba maelekezo mengi yameandikwa na watu wa latitudo 40 au 50 kaskazini, nasi Dar tuko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Huku anga linazunguka vingine.

S50 hufuata nyota kwa mihimili miwili: juu-chini, na kulia-kushoto. Nyota zenyewe haziendi hivyo, kwa hiyo picha huzunguka polepole ndani ya fremu, na kasi yake inategemea upande unaoelekea. Chukua Nebula ya Mkuku, wingu la gesi angani (NGC 3372 ni namba yake ya orodha), ambayo Dar hupanda hadi digrii 37 hivi upande wa kusini. Ikiwa hapo, picha inazunguka karibu digrii 19 kwa saa. Darubini hupiga fremu nyingi fupi, na programu huzirundika kuwa picha moja. Kwa fremu za sekunde 10, nyota za pembeni kabisa zinaburuzika pikseli moja tu, hakuna atakayeona. Weka sekunde 30 uone: pikseli tatu, na nyota za kwenye kona zinageuka punje za mchele.

Sasa geukia mashariki. Nebula ya Jabari (M42) huchomoza karibu mashariki kamili na kupanda wima kama anayekwea mnazi. Ikiwa digrii 30 juu ya upeo, mzunguko wa picha haufiki hata digrii moja kwa saa. Hapa ndipo sekunde 20 au 30 zinapolipa, na wenzetu wa Ulaya hawana bahati hii. Katikati ya Desemba, vuli ikikupa nafasi, M42 hufika digrii 30 yapata saa mbili na nusu usiku na digrii 75 yapata saa tano na nusu. Ni saa tatu nzima za kazi safi.

Ikivuka 75, simamisha. M42 hupita digrii moja na nusu hivi kutoka utosini, na mota ya kulia-kushoto inatakiwa kugeuza darubini robo duara kwa dakika kumi hivi. Utapata fremu zilizoburuzika, na programu itazitupa moja baada ya nyingine. Itakaa juu ya 75 kwa muda wa saa mbili hivi; utumie muda huo kwa Nebula ya Tarantula (NGC 2070), ambayo hufika kilele chake kusini wakati uleule, kwenye digrii 28. Rudi kwenye sekunde 10. Jabari likishaangukia magharibi chini ya 75, lirudie.

Kuna hali ya ekweta iliyoongezwa kwenye programu baadaye, inayoondoa mzunguko huu kabisa. Kwa Dar siipendekezi na stendi iliyomo boksini. Mhimili unatakiwa kulenga ncha ya kusini ya anga, digrii 7 tu juu ya upeo, maana yake darubini inakaribia kulala. Uzito unatoka nje ya miguu, na upepo wa kusi hauhitaji kusukuma sana. Ukiwa na stendi nzito, sawa.

Kuiweka si kazi. Tafuta sakafu ya saruji, si mchanga wala nyasi, kisha sawazisha kwa kipimo kilicho kwenye programu hadi kosa liwe chini ya nusu digrii. Kaa mbali na geti la chuma na magari, dira inadanganyika. Simu inaunganishwa na Wi-Fi ya darubini yenyewe, kwa hiyo umeme ukikatika na modemu ikazima, kazi inaendelea. Ila zima data ya simu, kwani simu nyingi zikiona Wi-Fi haina intaneti huihama kimyakimya, kisha unadhani darubini imekufa.

Washa hita ya lenzi mapema, kabla umande haujashika. Inakula betri, hivyo usiku mrefu unataka pawabenki.

Kichujio cha ndani hupitisha mwanga wa hidrojeni na oksijeni tu, na kinapunguza mwanga wa taa za jirani. Kitumie kwa Mkuku, Tarantula na Jabari. Kwa Kilimia kiondoe: vumbi lake linaakisi mwanga wa buluu wa nyota, na kichujio kitaufuta. Kilimia pia kina upana wa karibu digrii 2, ilhali fremu ni 0.7 kwa 1.3, hivyo piga vipande na programu iviunganishe. Omega Centauri, kundi la nyota zilizosongamana, inaingia yote bila kukatwa. Sayari sahau; Mshtarii itachukua pikseli 20 hivi, nukta nene.

Kabla ya kuanza, ruhusu fremu mojamoja zihifadhiwe. Kila moja ni MB 4 hivi, yaani GB 1.5 kwa saa ukitumia sekunde 10, na utazichakata upya kwa Siril, programu ya bure. Picha inayojengeka kwenye simu inapendeza, lakini kitovu cha M42 hutoka cheupe tupu hata kwa sekunde 10, na hakuna muda mfupi zaidi kwa shabaha za anga la mbali, yaani nebula na makundi ya nyota. Hiyo ndiyo kasoro inayoniudhi kuliko zote.

Ukimaliza usiifungie begini ikiwa na unyevu. Iache ndani ya nyumba hadi asubuhi, ikauke, kisha ndipo uiweke na vifuko vya silika. Joto na chumvi ya pwani ni chakula cha kuvu, na kuvu likishaingia kwenye lenzi hii iliyofungwa, hulifikii kwa kitambaa.