Tathmini ya Siku ya Kwanza katika Mahakama ya Watoto

Mwaka jana mpwa wangu, mwenye umri wa miaka 14, alishitakiwa kwa shambulio la kudhuru mwili baada ya ugomvi wa uwanja wa mpira ulioishia kwa mwenzake kupasuliwa nyusi kwa jiwe. Mimi ndiye niliyesimama kama mlezi wake tangu kituo cha polisi hadi aliposomewa shitaka, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wazazi na walezi watakaopita njia hiyo hapa Tanzania.

Nianze na mahakama, kwa sababu huko ndiko nilikoona kazi iliyofanywa kwa moyo. Shauri lilisikilizwa faragha, katika chumba kidogo ambamo hakimu alikaa kwenye meza ya kawaida, huku mtoto akiwa amekaa kando yangu badala ya kusimama kizimbani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaka mahakama imweleze mtoto kiini cha shitaka kwa lugha nyepesi, na hakimu yule alilitimiza hilo kwa subira ambayo sijaisahau. Aliiweka chini hati ya mashtaka, akamwambia, “Wanasema ulimpiga mwenzako kwa jiwe akaumia. Hebu nirudie kwa maneno yako, wanasema ulifanya nini?” Mtoto alirudia, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, “Nilirusha, ila sikumlenga yeye.” Angekuwa na hakimu mwenye haraka, jibu hilo lingeweza kuandikwa kuwa amekiri kosa; huyu aliliandika kama lilivyotamkwa, akaeleza kuwa amelichukulia kuwa ni kukana, na kwamba upande wa mashtaka utapaswa kuthibitisha. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito wote wa siku ya kwanza.

Kituoni hali ilikuwa tofauti kabisa. Mpwa wangu ni mrefu, basi aliyempokea aliandika umri wa miaka 18 bila kumuuliza mtu, na kwa kosa hilo moja la kalamu mtoto akalala siku mbili katika mahabusu ya watu wazima, ilhali sheria inataka watoto watenganishwe nao. Sheria hiyo hiyo inamtaka mkuu wa kituo amwachie mtoto kwa dhamana, isipokuwa kosa liwe la kuua au lenye adhabu ya kifungo kinachozidi miaka 7, au ziwepo sababu nyingine chache zilizotajwa. Shitaka letu, hata kwa mtu mzima, haliendi zaidi ya miaka 5. Kilichotuokoa ni kadi ya kliniki, ambayo mama yake aliileta ikiwa imekunjwa ndani ya kitenge, pamoja na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto aliyeisoma, akasahihisha umri, akasimamia dhamana jioni ile ile. Mwenye mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa aitunze kadi hiyo kama anavyotunza fedha. Wala hapakuwa na mtu kituoni aliyetueleza kuhusu msaada wa kisheria bila malipo, ingawa sheria yake ipo tangu mwaka 2017. Habari hizo tulizipata kwa karani wa mahakama.

Makarani wenyewe walikuwa wepesi na hawakudai chochote.

Afisa ustawi wa jamii alikuwapo mahakamani kama inavyotakiwa, na alizungumza na mtoto kwa upole kabla hatujaingia. Hata hivyo, taarifa ya uchunguzi wa kijamii, ambayo ndiyo inayomweleza hakimu kuhusu nyumbani na shuleni kwa mtoto, ilihitaji afisa huyo afike kwetu, naye alikuwa peke yake katika wilaya nzima, hana usafiri. Shauri liliahirishwa kwa siku 14. Tarehe ilipofika tuliahirishiwa tena, na fomu niliyoiona mkononi mwake ilikuwa na jina la mpwa wangu juu, na chini yake mistari mitupu.