Peponi kwa macho, Afterlives kwa masikio

Zote mbili ni riwaya za Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi 2021. Peponi nimeisoma kwenye karatasi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Afterlives nimeisikiliza kwa Kiingereza, simu mfukoni, nikibangua korosho hapa Mtwara.

Kwa kisa, Afterlives imenigusa zaidi. Hamza anajiunga na askari wa Mjerumani, na vita ile, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, sisi wa kusini tunakanyaga ardhi yake: Mahiwa, walikopigana vikali Oktoba 1917, iko mkoani Lindi. Ila sauti haikusubiri. Mawazo yakihama kidogo tu, jina limeshakupita, na kutafuta ulipoachia ni kazi kweli.

Peponi inakuachia nafasi. Pale Khalil, kijana wa dukani, anapomwambia mtoto Yusuf kwamba Aziz, tajiri aliyemchukua kwao, si mjomba wake, na Yusuf anaanza kuelewa kuwa ametolewa kwa deni la baba yake, nilirudi nyuma nikausoma tena ukurasa mzima. Mazungumzo yake ni Kiswahili cha barazani hasa, hayana harufu ya tafsiri.

Mwenye uwezo wa kununua kimoja, anunue Peponi. Akimaliza, amwazime jirani.