Canon EOS 2000D au PowerShot SX70 HS: kamera ya kwanza kwa mpiga picha wa Mwanza

Anayetafuta kamera yake ya kwanza hapa Mwanza, akishasema kiasi cha fedha alichonacho, mara nyingi huwekewa mbele yake kamera za aina mbili. Ya kwanza ni DSLR ya ngazi ya kuanzia, yaani kamera yenye kioo ndani, inayouzwa pamoja na lenzi yake ndogo inayoweza kubadilishwa. Ya pili ni kamera yenye lenzi moja isiyotoka, ambayo huvuta vitu vya mbali kiasi cha kumshangaza mtu anapoijaribu mlangoni mwa duka. Nimezitumia zote mbili, yaani Canon EOS 2000D yenye lenzi ya milimita 18 hadi 55 na Canon PowerShot SX70 HS, Capri Point, Mwaloni, Igombe na hadi ng'ambo ya Kigongo, na nimefikia maoni kwamba swali linaloulizwa dukani, yaani ipi inavuta zaidi, ndilo linalowapoteza wanunuzi wengi. La kujiuliza kabla ya kutoa fedha ni kwamba picha unazozitaka zinapatikana saa ngapi, na katika mwanga gani.

Kamera zote mbili zilitangazwa mwaka 2018. SX70 HS ina zumu ya mara 65, ambayo kwa kipimo kinachotumika kulinganisha kamera zenye sensa (kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera) za ukubwa tofauti huanzia milimita 21 na kufika milimita 1365; milimita chache huonyesha eneo pana, nyingi huvuta vya mbali. Kwa kipimo hichohicho, 2000D na lenzi yake ya dukani huanzia karibu milimita 29 na kuishia 88. Tofauti hiyo si ndogo. Ukisimama ufukweni asubuhi na kumpiga picha mnandi aliyetua juu ya Jiwe la Bismarck, 2000D itakupa jiwe, maji na nukta nyeusi ambayo utalazimika kumweleza mtu kuwa ni ndege. SX70 itakupa ndege mwenyewe, mabawa yake ameyatandaza yakauke, na mwanga ukiwa mzuri utaiona hata rangi ya kijani ya jicho lake. Hakuna lenzi ya bei ya kawaida ya DSLR itakayokufikisha hapo. Kwa mtu ambaye furaha yake ni furukombe, mdiria, yangeyange na pimbi wa kwenye majabali ya Kisiwa cha Saanane, na ambaye hutoka jua likiwa juu, mjadala ungeweza kuishia hapa.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba SX70 inaishinda 2000D hata kwa upana. Ukiwa chini ya Daraja la J. P. Magufuli lililofunguliwa Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi, ukataka nguzo zake na anga viingie katika picha moja, zile milimita 21 zitakusaidia kuliko lenzi ya 18 hadi 55, ambayo itakulazimisha kurudi nyuma hadi nafasi ikuishie.

Kinachoibana SX70 ni ile sensa. Sensa yake ina upana wa takriban milimita 6.2 na kimo cha milimita 4.6, ya 2000D ina milimita 22.3 kwa 14.9. Ukizidisha utaona kwamba eneo la sensa ya DSLR ni karibu mara 12 ya lile la kamera ya zumu. Watengenezaji hawana ujanja hapa, kwa sababu lenzi ya milimita 1365 kwa sensa kubwa kama ile ya 2000D ingekuwa ya uzito na bei isiyobebeka. Zumu ndefu katika mwili mdogo inawezekana tu pale sensa inapokuwa ndogo. Simu nyingi nzuri za siku hizi zina sensa kubwa kuliko ya SX70, na zina programu za kusafisha picha za usiku ambazo kamera hii haina. Kwa hiyo mwenye simu ya namna hiyo asitegemee kuona ubora mpya kwa picha za karibu. SX70 hulipa gharama yake pale tu unapovuta.

Mwanga ndio mzito zaidi katika habari hii. Saa sita mchana, jua likiwa kali, SX70 ikiwa imevuta hadi mwisho hufungua tundu la lenzi lisilozidi f/6.5 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), na kwa ISO 100 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kuupokea mwanga) utapata kasi ya shata, yaani muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia, ya karibu 1/600 ya sekunde, ambayo inatosha kumkamata ndege aliyetulia bila picha kutikisika. Sasa fikiria jioni. Hapa kwetu jua huzama karibu na saa moja, na kwa kuwa tupo karibu sana na ikweta giza halichelewi. Wavuvi wa dagaa wa Igombe husukuma mitumbwi yao majini mwanga ukiwa umekwisha kulainika, taa zimefungwa na nyavu zimekunjwa, na huo ndio wakati ambao kila mpiga picha wa ziwa hili anautamani, kwa kuwa nyuso hazina vivuli vikali na maji yamebeba rangi ya anga. Jua likiwa linagusa maji, ukitaka kubaki na kasi ileile SX70 itahitaji ISO 800 hivi. Dakika chache baadaye itataka 3200, na hapo ndipo kikomo chake. Kwa sensa ndogo namna hii, picha ya ISO 3200 ina chenga kiasi kwamba mikunjo ya uso wa mvuvi na nyuzi za wavu huchanganyika zikawa uji, na hakuna kuhariri kutakakozirudisha.

2000D katika saa hiyohiyo hufanya kazi tofauti kabisa. Ikiwa na lenzi ya milimita 55 hadi 250, ambayo wengi huinunua baadaye, hufika takriban milimita 400 kwa kipimo cha kulinganisha, haitakupa jicho la mnandi, lakini mtumbwi unaoondoka ufukweni unauenea vizuri. Kwa ISO 3200 picha yake bado inachapishika kwa ukubwa wa kutundika ukutani. Inaweza pia kwenda hadi 6400 ukibanwa, na megapikseli zake 24 zinakuruhusu kukata sehemu ya picha bila kuiharibu. Giza likishaingia na taa za dagaa zikajipanga kwenye upeo wa macho, iweke kwenye stendi ya miguu mitatu, uache shata wazi hadi sekunde 30, na utapata ule mstari wa taa juu ya maji meusi jinsi unavyoonekana kwa macho.

Hata mchana zumu ndefu ina mpaka wake. Kuanzia saa nne hivi, hewa iliyo juu ya maji na majabali hupata joto na kuanza kutetemeka, na kitu kilicho mbali, ukikivuta kwa milimita 1365, huonekana kama kilichochorwa kwa mkono unaotetemeka. Kosa si la kamera wala la mpiga picha. Hewa yenyewe ndiyo iliyo katikati yenu. Anayeinunua SX70 kwa ajili ya ndege ajizoeze kuamka mapema. Ajizoeze pia kitufe kilicho ubavuni mwa lenzi, ambacho ukikibonyeza zumu hurudi nyuma ili umtafute ndege aliyekupotea, na ukikiachia hurudi palepale ilipokuwa. Bila kitufe hicho mdiria anayeelea juu ya maji kabla ya kujitupa atakuwa amekwisha kuondoka na samaki wake wakati wewe bado unatafuta alipo. Kitundu cha kuchungulia cha SX70 ni skrini ndogo, na kwa ndege anayekwenda kasi picha yake huchelewa kidogo, wakati kile cha 2000D kinaonyesha kitu chenyewe kupitia kioo, bila kuchelewa. Hata hivyo nisiipambe 2000D kupita kiasi: ina nukta 9 tu za fokasi, yaani za kulenga kitu kionekane kikali, na hupiga picha 3 kwa sekunde, kwa hiyo furukombe akishuka majini utapata picha moja nzuri kwa bahati.

Walio wengi, hata hivyo, hawanunui kamera kwa ajili ya ndege. Wanataka kupiga picha za send-off, kipaimara, harusi na mahafali, na wengi wao wanatumaini kwamba baada ya muda kamera itaanza kujilipa. Kwa kazi hiyo sisiti kusema kwamba SX70 haifai. Kumbi zetu za sherehe zina taa za rangi zinazobadilika kila wakati, dari nyeusi na wageni wanaocheza, na mwanga wake ni hafifu kuliko macho yanavyodhani. Lenzi ndogo ya 18 hadi 55 nayo itahangaika humo, kwa sababu ikivutwa tundu lake haliendi zaidi ya f/5.6. Dawa yake ni lenzi ya Canon ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu zaidi katika familia yote ya Canon na inaingiza mwanga karibu mara kumi ya ile ndogo inapokuwa f/5.6. Ukimpiga bibi harusi kwa lenzi hiyo akiwa mezani, kope zake zitakuwa kali na taa za nyuma zitalainika kuwa madoa ya rangi, na mteja ataona mwenyewe kwamba hiyo si picha ya simu. Uwezo huu wa kuongeza lenzi moja kila unapopata fedha ndio unaoifanya DSLR iendelee kukua mkononi mwa mwenye nayo, ambapo SX70 itabaki vile ulivyoinunua.

Mahali ambapo nilishindwa kuchagua ni Bujora, kwenye kituo cha utamaduni wa Wasukuma, wakati wa Bulabo, sherehe yao ya ngoma ya mwezi Juni. Wagika na Wagalu, makundi mawili ya wachezaji, hushindana kwa ngoma mchana kweupe, vumbi linapanda, na watu wamezunguka uwanja safu juu ya safu. Ukifika umechelewa unasimama nyuma ya mabega ya watu. Skrini ya SX70 inafunguka na kugeuka, kwa hiyo unaweza kuiinua kamera juu ya vichwa vya watu huku ukiona unachokipiga, kisha ukavuta hadi jasho kwenye paji la uso wa mchezaji. Skrini ya 2000D haisogei. Lakini aliyewahi na kukaa mbele, akiwa na 2000D, ataondoka na picha zenye uhai zaidi, vumbi likionekana kama lilivyo mbele ya jua.

Kuhusu uzito, watu hudhani kamera ya zumu ni nyepesi sana, kumbe SX70 ina takriban gramu 610 na 2000D na lenzi yake ndogo hazifiki gramu 700. Anayetaka kamera ya mfukoni kwa kweli aangalie PowerShot SX740 HS, yenye takriban gramu 300 na zumu ya mara 40, ila ajue kwamba haina kitundu cha kuchungulia, na juu ya maji saa saba mchana skrini yake haionekani vizuri. Betri ya 2000D hupiga takriban picha 500 na ya SX70 karibu 325, kwa hiyo anayekwenda Ukerewe abebe ya akiba. Kwa video SX70 ina 4K, ambayo 2000D haina. Vumbi nalo lihesabiwe: DSLR ikiingiwa na vumbi wakati wa kubadilisha lenzi, sensa husafishika; lenzi ya zumu ikifyonza vumbi ndani, ni lazima ifunguliwe na fundi.

Kwa hiyo ninayemshauri kununua SX70 ni mpenzi wa ndege na wa safari za mchana, asiye na nia ya kuingia ukumbini. Wengine wote ninawashauri 2000D, pamoja na ile lenzi ya milimita 50 mapema iwezekanavyo, hata kama itabidi ile ya 55 hadi 250 isubiri. Anayekutana na Nikon D3500 iliyotumika ikiwa katika hali nzuri asiidharau, kwa kuwa betri yake hupiga hadi takriban picha 1550 kwa chaji moja; akumbuke tu kwamba mwili wake hauna mota ya fokasi, kwa hiyo lenzi za zamani zisizo na mota yake zenyewe itabidi azizungushe kwa mkono.

Katika kununua iliyotumika, mulika ndani ya lenzi kwa tochi ya simu, kwa sababu unyevu wa ziwa huotesha kuvu wenye nyuzi kama utando wa buibui, na lenzi yenye kuvu haifai hata ikiwa ya bure. Kisha tazama juu ya kamera, pale fleshi inapochomekwa. Kuna 2000D ambazo hazina pini ya katikati, na fleshi za bei nafuu zinazotegemea pini hiyo haziwaki kabisa juu yake. Nenda dukani na fleshi unayokusudia kuitumia, ichomeke, piga picha, na ulipe baada ya kuiona imewaka.