Uzoefu wangu: nimetoa gia boksi ya oto kwenye Corolla ya zamani nikaweka manyuali

Wakuu, nimekaa na hili gari miezi minane tangu libadilishwe ndo nimeona sasa niandike, maana kabla sijafanya nilimtafuta mtu wa kunisimulia mwanzo mpaka mwisho sikumpata, kila niliyemuuliza anasema "inawezekana" afu anaishia hapo. Inawezekana kweli. Ila kutoka hapo mpaka gari litembee vizuri kila siku bila kukusumbua, kazi ipo.

Gari ni Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A-FE cc 1500, lilikuja na oto ya gia 4. Aliyekuwa nalo kabla yangu hakuwahi kubadili oil ya gia boksi, siku naenda kulicheki nilichomoa ile stiki oil ikatoka nyeusi inanuka kuungua, nikajua kabisa hapa kuna shida inakuja, nikalichukua hivyo hivyo kwa sababu bodi halina kutu na injini haina mlio wowote wa ajabu. Haikupita muda gia zikaanza kuteleza, unakanyaga mafuta resi inapanda gari haliendi, likishapata moto ndo inazidi, na ile taa ya O/D OFF (ya kuonyesha gia ya juu kabisa imezimwa) inawaka inazima inawaka inazima. Ikifanya hivyo ujue kompyuta imeona kosa upande wa gia boksi, sio kwamba umegusa kitufe.

Ningeweza kutafuta oto nyingine ya mtumba, lakini nayo unanunua bila kujua ilitunzwaje, inaweza ikaja na ugonjwa ule ule. Mimi pia napenda manyuali toka zamani, na ndani yake hakuna vali bodi (pale oil inapoelekezwa kubadili gia) wala solenoidi (vali za umeme), ni gia, shafti, beringi na singro (zile pete zinazolinganisha mwendo ili gia iingie bila kukwaruza), fundi anaifungua anaona kwa macho kilichoisha.

Fundi wa kwanza niliyeongea naye akaniambia bosi wewe leta gia boksi tu, vingine tutachonga. Hiyo kauli "tutachonga" ndo iliyoniondoa pale. Fundi wa pili akaniambia kinyume chake, akasema tafuta nusu gari, yaani kipande chote cha mbele cha Corolla kama yako ya manyuali yenye injini hiyo hiyo, usinunue kitu kimoja kimoja. Nawaambia ukweli huo ushauri ndo uliookoa kazi nzima. Kwa sababu gia boksi yenyewe ni robo tu ya habari, unahitaji flywili (gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo klachi inakaa juu yake) na boliti zake, pedeli ya klachi na pedeli nyembamba ya breki, mastasilinda ya klachi, silinda ya chini (inayosukuma klachi pale kwenye gia boksi) na bomba lake, gia liva na kebo zake mbili, mauntini, stata, shafti za matairi, sensa ya spidi, nyaya, kontroli boksi (kompyuta ya gari), mpaka lile bati jembamba linalokaa kati ya injini na gia boksi. Ukianza kutafuta hivyo kimoja kimoja utakosa kimoja, na hicho ulichokosa ndo gari litalala kwenye mawe wiki mbili.

Nilikuwepo siku ya kufunga flywili na hapa nasimama kidogo. Fundi alitoa boliti zilizokuwa zimeshika ile pleti nyembamba ya oto, akaziweka kwenye kiganja pembeni ya boliti za flywili kutoka kwenye nusu gari, urefu ni tofauti, unaona kwa macho. Akasema kuna watu wanarudishia zile za oto kwa sababu nyuzi zinaingia, afu flywili inalegea wakati injini inazunguka. Akafunga za flywili zenyewe, kwa spana ya kupima, moja huku nyingine upande wa pili, kidogo kidogo. Na kwa kuwa nyuma ya injini kulikuwa wazi tukabadili na oil sili ya krenki (mpira unaozuia oil pale shafti kuu ya injini inapotokea). Hata kama haivuji badili, maana siku ikianza kuvuja utashusha gia boksi yote tena kwa ajili ya kimpira, na hiyo oil itamwagikia klachi mpya.

Pedeli ilichukua muda kuliko gia boksi. Nilidhani tutatoboa bodi kwa kukisia, kumbe ukishavua zulia la ukutani mbele ya miguu, alama za pale mastasilinda inapokaa zilikuwepo tayari kwenye bati, tukatoboa hapo hapo. Fundi amelala kichwa chini mgongo kwenye kiti karibu nusu siku. Kama gari lako halina hizo alama, pima mara tatu kabla ya kugusa drili, pedeli ikikaa upande klachi haitakuja kuwa sawa.

Tukamaliza, nikakaa, nikazungusha ufunguo, kimya. Taa zote zinawaka, stata haigeuki. Sababu ni kwamba kwenye oto moto wa kwenda stata unapita kwenye swichi iliyo kwenye gia boksi, inayoruhusu kuwasha kwenye P (kuegesha) na N (gia huru) tu, na ile swichi imeondoka na gia boksi ya zamani. Fundi umeme akaunganisha nyaya mbili pamoja gari likawaka pale pale na akataka kufunga kazi. Nikakataa. Ukiacha hivyo mtu yeyote akizungusha ufunguo gari likiwa kwenye gia linaruka mbele, na nyumbani kuna watoto. Ziungeni kwenye swichi ya pedeli ya klachi ili usipokanyaga lisiwake, kazi yenyewe ni ndogo sana, msikubali fundi aiache. Hapo hapo hakikisha na taa za rivasi zimeunganishwa, maana nazo zilikuwa zinatoka kwenye swichi ile.

Kontroli boksi nilitumia ya manyuali. Wapo wanaoacha ile ya oto, taa ya injini inawaka muda wote kwa sababu kompyuta inatafuta solenoidi ambazo hazipo, wengine wanaweka rezista kuidanganya. Kwangu kuna nyaya zilibidi zihame nafasi kwenye soketi, siku nzima ikaisha hapo, lakini gari linatulia likiwa limesimama na dashibodi ni safi. Kwenye rejeta yatabaki mabomba mawili yaliyokuwa yanapoza oil ya oto, ziba tu, maji hayatoki hapo maana yana njia yao tofauti.

Kosa langu kubwa. Klachi pleti, presha pleti na beringi yake nilinunua mpya, lakini silinda ya chini ya klachi nikairudisha ile ile ya mtumba kwa sababu ilionekana nzima. Wiki ya pili niko kwenye taa za barabarani nakanyaga klachi, pedeli ikaenda chini ikabaki huko huko, gari liko kwenye gia 1, taa imeruhusu na nyuma wanapiga honi. Nikazima injini nikasukumwa pembeni. Mpira wa ndani ulikuwa umekwisha, mafuta ya klachi yote yamevuja chini. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, chuma cha mtumba chukua, mpira wa mtumba usichukue, iwe mastasilinda, silinda ya chini au bomba la mpira. Na ukishafunga mpya toa hewa mpaka pedeli ishike juu, ikiwa laini laini gia zitakuwa zinakataa kuingia utadhani gia boksi ni mbovu.

Sasa kuendesha. Gari limekuwa jepesi, ukigusa mafuta linajibu hapo hapo, ule mteremko ambao zamani nilikuwa nashika breki mpaka zinanuka sasa naweka gia 2 linashuka lenyewe taratibu. Mafuta kwenye safari za mjini yamepungua na naliona hilo. Ila kwenye barabara ndefu nisiwadanganye, kwa mwendo wa 100 zamani resi ilikuwa chini ya mizunguko 2500 kwa dakika, sasa kwenye gia 5 inakaribia 3000, kwa sababu mpangilio wa gia wa manyuali hii ni mfupi. Kelele imeongezeka kidogo na mafuta ya safari ndefu ni yale yale tu. Kwenye foleni ya saa nzima mguu wa kushoto unauma. Na mke wangu aliyejifunzia oto ilibidi tuanze upya uwanjani, mwezi mzima, sasa anaendesha vizuri kabisa. Kuna nchi leseni ya oto haikuruhusu kugusa manyuali, angalia hilo kabla, na bima pia waambie gari limebadilishwa.

Ningefanya tena? Ndiyo, kwa gari hili, kwa sababu bodi na injini ni vizima na sina mpango wa kuliuza. Kama unataka kuliuza mwakani tafuta oto nzima weka, mnunuzi akisikia gia boksi imebadilishwa anaogopa. Na kama hujapata nusu gari kamili usishushe ile ya zamani kwanza, endelea kutafuta.

Nimeshatembea zaidi ya kilomita 9,000. Oil ya gia boksi nimeweka 75W-90 ya GL-4, nikaimwaga mara ya kwanza baada ya kilomita 1,000, kwenye boliti ya chini yenye sumaku kulikuwa na ungaunga wa chuma kama tope, laini, hakuna kipande. Kilichobaki ni gia 2 asubuhi gari likiwa la baridi, inakwaruza ukiiwahi, singro yake imechoka. Nasubiri kidogo kabla ya kuiingiza, likipata moto inaingia vizuri, na siku nitakayoshusha gia boksi kwa ajili ya klachi nyingine ndo nitaibadili.