Maua ya kwanza baada ya baridi: ununue nini kwa bustani ndogo ya Uingereza

Wengi huenda dukani Machi, maua yameshachanua, wakabeba kinachowavutia macho. Lakini sehemu kubwa ya bustani ya Februari na Machi hununuliwa Septemba na Oktoba. Tumepanga orodha hii kwa kuangalia kipi kinachanua mapema na kurudi kila mwaka bila kukusumbua.

1. Dafodili 'Tête-à-tête'

Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, iwe hii. Ni ua la njano linaloota kutoka kwenye tunguu, yaani kiini cha chini ya udongo kilicho mfano wa kitunguu. Ni fupi, sentimita 15 hadi 20, kwa hiyo upepo hauilazi, na shina moja mara nyingi hubeba maua mawili. Kabla ya kulipa, libonyeze tunguu kwa kidole gumba upande wa chini, pale mizizi inapotokea. Likibonyea, liache. Linatakiwa kuwa gumu na zito mkononi kama kitunguu kipya cha sokoni.

Panda Septemba, ncha ikiangalia juu, kwa kina cha mara tatu ya kimo cha tunguu, na uache sentimita 8 kati ya moja na jingine. Udongo wa mfinyanzi uchanganye na changarawe, maana maji yakituama tunguu linaoza. Mwaka unaofuata ukiona majani matupu, chunguza mambo matatu: ulipanda juu juu mno, yamesongamana, au majani yalikatwa mapema. Majani ndiyo yanayolilisha tunguu kwa ajili ya ua la mwaka ujao, hivyo yaache angalau wiki 6 baada ya ua kunyauka, na usiyafunge fundo ili yapendeze. Kindi hawayali matunguu haya kwa sababu yana sumu. Kwa sababu hiyohiyo, usiyaweke jikoni hata siku moja: yanafanana mno na vitunguu.

2. Sarcococca confusa

Kichaka cha kivulini, kisichopukutisha majani. Maua yake ni meupe na madogo sana, lakini harufu yake katikati ya baridi inakufikia kabla hujafika mlangoni, basi ukipande hapohapo mlangoni. Dukani, kitoe kidogo kwenye chungu: mizizi ikiwa imejizungusha kama kamba, chagua kingine.

3. Krokasi (Crocus tommasinianus)

Ua dogo la zambarau, rahisi kwa bei, na inajizalia yenyewe kwenye nyasi. Panda kina cha sentimita 8, nunua 50 badala ya 10, na usikate nyasi mpaka majani yake yawe ya njano. Ukiwa na kindi wengi, tandika wavu wa kuku juu ya udongo.

4. Galanthus

Ni ua dogo jeupe, Waingereza huliita snowdrop. Usinunue matunguu makavu ya pakiti. Hukauka upesi na mengi hayaoti. Nunua Februari au Machi yakiwa na majani mabichi, uyapande siku hiyohiyo. Kipimo cha kina kiko kwenye mmea wenyewe: pale weupe wa shina unapogeuka kijani ndipo usawa wa udongo.

5. Forsythia

Kichaka cha maua ya njano. Haina shida, ila hufika mita 2 au zaidi. Ipogoe mara tu maua yakiisha. Ukipogoa vuli unaondoa matawi yaleyale yatakayochanua.

6. Hamamelis

Kichaka kinachochanua wakati wa baridi. Tunaipenda kuliko vyote hapa, lakini ni ghali, inakua polepole na haipendi udongo wa chokaa. Miche mingi ni ya kubebesha, yaani kitawi chake kimeunganishwa juu ya shina la mmea mwingine: tafuta kovu karibu na udongo, na chipukizi lolote linalotoka chini yake ling'oe, kwani hilo ni la shina jingine na litaumeza mmea uliolipia.

Tulipu hatukuiweka kwa sababu nyingi huchanua Aprili. Ipande Novemba, udongo ukiwa umeshapoa. Anayetaka kuipeleka Dar es Salaam au Mombasa ajue kwamba inahitaji wiki 12 hadi 16 za baridi ndipo itoe ua. Kule kazi hiyo itafanywa na friji, na matunguu yakae mbali na matunda, kwa kuwa gesi ya matunda yanayoiva huua kichipukizi cha ua kikiwa bado ndani.