Treni, urojo na Peponi: vilivyonilipa na vilivyonipiga miezi hii

Wadau habari zenu. Nimekuwa naranda tu, tangu masika ilipokata mpaka sasa hivi vuli inanyemelea napanda hiki nashuka kile, Dodoma, Kondoa, Unguja, na begini kitabu hakikosekani. Nimerudi Dar mfuko umelegea kwelikweli nikaona bora nitoe tathmini ya vyote kwa mpigo mmoja, usafiri, misosi, makumbusho na vitabu, maana ndugu na jamaa hawaishi kuniuliza "sasa twende wapi". Msimamo wangu nausema mapema kabisa: vilivyokula hela nyingi ndo vilivyoniangusha, vya bei ya kawaida ndo naviwaza mpaka leo, na kitu kilichofanya safari zote zikae sawa ni vitabu, tena vitabu vya huko huko nilikokuwa naenda.

Tuanze na treni. SGR, ile reli mpya ya umeme, ya Dar–Dodoma ilianza kubeba abiria Julai 2024, mwezi mmoja hivi baada ya ile ya Moro, kwa hiyo mnaosoma hapa wengi mshapanda, sitawachosha na mambo ya siti na soketi za kuchajia. Daraja la kawaida nimelipa 31,000. Ndani ya saa tatu na nusu mpaka nne umefika, ukilinganisha na basi ambalo ukitoka Dar alfajiri unaingia Dodoma mchana umeshaliwa mgongo mzima, hapa hakuna mjadala. Tiketi ina jina lako kwa hiyo kitambulisho usisahau, na nenda mapema kwa sababu kuna ukaguzi wa mizigo na treni haina undugu, muda ukifika inaondoka. Ukiweza kukaa upande wa kushoto ukiwa unatoka Dar, kaa, Milima ya Uluguru inakuja upande huo na asubuhi wingu linakuwa limekaa katikati ya mlima, kilele kiko juu yake peke yake. Baada ya Moro watu wengi wanalala na hapo ndo wanapopunjika, kwa sababu kuanzia Kilosa reli inaingia milimani, mahandaki yanafuatana, unaingia gizani masikio yanaziba unatoka kuna bonde na mto chini, unaingia tena. Af ghafla milima inakwisha, udongo unabadilika rangi, mibuyu inaanza. Umeingia Ugogo hapo.

Sasa humo ndani ndo nilikuwa nasoma Peponi. Hii ni ile riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, iliyoingia fainali za tuzo ya Booker, na yeye mwenyewe akaja kupewa Nobel 2021. Kiswahili chake kimetolewa na Mkuki na Nyota, mfasiri ni Ida Hadjivayanis. Kisa ni cha mtoto anaitwa Yusuf, ana miaka kumi na mbili, baba yake ana hoteli isiyolipa kwenye kamji kadogo kenye stesheni ya reli, na ana deni kwa tajiri mmoja wa pwani, Aziz, ambaye mtoto anamwita ami. Siku moja ami anaondoka na mtoto. Yusuf anadhani anaenda kutembea kwa ami yake, kumbe amewekwa rehani! Baadaye anachukuliwa kwenye msafara wa biashara kwenda bara na huko ndo mambo yanachacha, magonjwa, mahongo, machifu wanaokataa kudanganywa, na Wajerumani nao wanazidi kusogea kila ukurasa. Mwisho sisemi.

Kitabu hiki nilishawahi kukianza nyumbani nikakiweka. Si kibaya, ila nyumbani kila baada ya kurasa mbili kuna mtu anakuita. Kwenye treni kilinikamata kwa sababu unasoma habari za misafara na dirishani unapita mle mle, maana ile njia ya zamani ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa inapanda Mpwapwa na kuvuka Ugogo, na watemi wa Kigogo walikuwa wanatoza hongo kila msafara unaotaka kupita na kuchota maji. Miezi kwa miguu, meno ya tembo mabegani. Af reli ya kati ya Mjerumani ikaja kwenye ukanda huo huo, ilianza Dar 1905, ikafika Kigoma 1914, na sasa ya umeme inakimbia pembeni yake. Tulivyopita Gulwe nikafunga kitabu kabisa nikawa naangalia nje tu, lile pori kavu lilivyo, nawaza mtu anavuka hapa na frasila za mzigo kichwani kiangazi kama hiki. Jirani yangu akaniuliza kama naumwa.

Kwa lugha nakipa alama za juu, kinasomeka kama kimeandikwa na mtu wa pwani anayesimulia barazani, mazungumzo ya Yusuf na Khalil, kijana anayeuza naye duka la Aziz, yana utani na kejeli za kweli. Katikati kinakuwa kizito, ile safari ya bara inavuta, ila sidhani kama ingefaa iwe fupi, uchovu wao na wewe lazima uuonje kidogo.

Dodoma mjini sina mengi. Stesheni iko nje kidogo ya mji, ukishuka unakuta madereva wanakutazama wewe na begi lako wanapanga bei, jibu ni kutembea hatua kadhaa kutoka getini bei inashuka yenyewe. Zabibu zilikuwepo, tamu. Ila chakula nilichokifuata ni ugali wa uwele na mlenda, na ushauri wangu ni ule kwa mama ntilie, achana na hoteli. Nimekula Majengo sokoni, mlenda wa kukaushwa ule, umetiwa karanga, ugali mweusi mweusi hivi wenye harufu ya nafaka yenyewe. Tonge unalichovya unalizungusha kwa kidole ili kukata, usipozungusha mlenda unakufuata mpaka kidevuni kama uzi wa cherehani, na yule mama anacheka kabisa hajifichi. Nimeongeza sahani. Bei yake hata ya soda mbili za hotelini haifiki.

Kutoka Dodoma nikaenda Kondoa, na hapa naomba mnisikilize kwa makini maana naona watu wanapita tu kwenda Arusha hawajui wameacha nini. Lami ipo mwanzo mwisho siku hizi kwa hiyo hakuna kisingizio. Ukifika Kolo kuna ofisi ya mambo ya kale, unalipa, unapewa mtu wa kukuongoza, mnapanda. Michoro ya miambani ya Kondoa iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006, yako mapango na vibanda vya mawe zaidi ya 150 vimetawanyika kwenye zile ngazi za milima zinazotazama bonde la ufa. Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, alikaa huku 1951 akiinakili kwa mkono, mmoja mmoja.

Unachokiona ni nini? Kwanza hakuna kitu. Jiwe tu limeinama juu yako, na mwongozaji amekaa kimya makusudi. Jicho likishazoea kivuli ndo wanaanza kutokea, watu warefu wembamba wa rangi nyekundu ya udongo, vichwa vikubwa vya mviringo vimechorwa mistari mistari ambayo sijui nywele sijui kofia, wengine wameinama, mmoja kashikwa mikono na watu wa pande mbili. Twiga. Tembo. Pofu amechorwa mpaka ule mkunjo wa shingoni. Juu yake kuna michoro myeupe minene ya watu wa baadaye, imepita juu ya ile myekundu bila hata kuomba samahani. Hakuna kioo wala taa, wewe na jiwe tu. Na sehemu nyingine za huko wenyeji bado wanapanda kufanya matambiko, kwa mvua na kwa wagonjwa, kwa hiyo ukiambiwa hapa usiguse au hapa usiongee kwa sauti, tii. Nimekaa mpaka jua linageuka. Kiatu cha maana na maji ni lazima, na kama una bibi mwenye magoti mabovu usimdanganye kwamba ni karibu, ni mlima ule.

Kasoro ya Kondoa ni malazi. Gesti niliyolala maji yaliletwa kwenye ndoo na taa ya chooni ilikuwa na swichi nje, kwa hiyo kila mpita korido anakuamulia. Siitaji jina, wanajitahidi.

Unguja sasa. Boti niliyopanda haina shida ya spidi, ndani ya saa mbili hivi uko bandarini Malindi, ila kile kiyoyozi jamani, watu tumekaa tumejikunyata na kanga za kuazimana, na runinga iko juu inapiga kelele filamu ambayo hakuna anayeitazama. Bebeni sweta, msinicheke.

Mji Mkongwe nimeutembea na kitabu kingine, Kuli cha Adam Shafi, cha 1979. Hiki nacho kama mliwekewa shuleni mkakichukia kirudieni mkiwa watu wazima. Rashidi anaingia ukuli bandarini kama baba yake, anaanza hajui chochote, na kinaishia kwenye ule mgomo mkubwa wa makuli wa 1948. Kusoma kurasa zile umekaa ukutani Malindi huku wapagazi wanapita na magunia, si mchezo. Kinahubiri kidogo, nakiri, kuna mahali wahusika wanaongea utadhani wako jukwaani, lakini zile picha za kazi, jasho, winchi, ndo zimebaki.

Beit al-Ajaib nimeitazama kwa nje tu. Jumba la Sultan Barghash la 1883, la kwanza Zanzibar kuwashwa taa za umeme, na upande wake mmoja ulidondoka siku ya Krismasi 2020. Inauma. Mkunazini kwenye Kanisa Kuu la Anglikana ingieni, hapo ndo palikuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa 1873, na nje kuna lile shimo lenye sanamu za watu watano wana minyororo shingoni. Watalii wanapiga picha wakitabasamu, sijui wanatabasamia nini.

Kula. Forodhani jioni ni raha kwa macho, mishkaki, pweza, miwa inakamuliwa na tangawizi na ndimu, watoto wanajirusha baharini kwa sarakasi, ila uliza bei kabla hujanyoosha kidole na kamata vitu vinavyochomwa mbele yako, kile kilicholala mezani tangu jana kiache kiendelee kulala. Kilichonipiga hasa ni mgahawa mmoja wa juu ya paa. Menyu ina dola, pweza hatafuniki, nimesubiri mpaka adhana imepita, af bili ikaja na asilimia ya huduma. Huduma gani sasa? Machweo yale yale yanaonekana bure ukutani Forodhani.

Na kwa hasira nikashuka chini nikala urojo uchochoroni, bakuli la elfu tatu. Mama yule ana mpangilio wake habadilishi: viazi kwanza, bhajia, kachori anaipasua kwa kidole gumba, yai nusu, mshikaki kauvua kijiti, ndo anamwaga ule urojo wenyewe wa manjano wenye ukali wa embe mbichi, anamalizia na chatne ya nazi, pilipili, af konzi ya chipsi za muhogo juu kabisa ili zisilowe. Hapo una dakika chache tu, ukichelewa kwa kupiga picha muhogo unalainika na nusu ya raha imekwenda. Nimerudi kwa yule mama kila siku niliyokuwa pale.

Taarabu nimeipata usiku mmoja, fidla, kanuni, udi, akodioni, hakuna kinanda cha kuiga vyombo vyote. Vikundi vya Unguja vina umri, Ikhwani Safaa ni cha 1905, na Siti binti Saad alishavuka bahari kwenda kurekodi Bombay 1928, kwa hiyo watu hawa hawana haraka ya kukufurahisha. Wimbo unaanza na vyombo peke yake dakika nzima ndefu, mgeni anadhani ndo wimbo wenyewe. Af wakina bibi wanaanza kunyanyuka kutunza, anakwenda taratiiibu na noti yake anaizungusha hewani, anasubiri ule ubeti unaomhusu ndo anaiweka, na ukumbini wote wanajua unamlenga nani isipokuwa wewe. Kiingilio cha usiku ule ni chini ya sahani yangu ya pweza wa kule juu.

Wanaotaka Peponi, Dar nendeni duka la vitabu la TPH (Tanzania Publishing House) pale Samora, na Kuli pia ulizeni hapo hapo. Changu siazimishi, cha mwisho nilichoazimisha kilikwenda Mwanza na mwenye nacho hapokei simu.